Namshukuru Mungu, Ila...



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuongea habari za maji ya kuchemsha, chanjo za watoto, presha na kisukari. Huenda wengine watashangaa safari hii wakikuta tumeandika juu ya kumshukuru Mungu, wakadhani makala imepotea njia na kwamba ilikuwa inakwenda kwenye ukurasa wa mafundisho ya dini. Haikupotea. Tumeiweka hapa makusudi, kwa sababu "namshukuru Mungu" ndilo jibu tunalolisikia mara nyingi kuliko mengine yote tunapomwuliza mtu hali ya afya yake. Jibu hilo laweza kumjenga mtu mwili na roho. Laweza pia kuwa kifuniko kinachofunika chungu kinachoungua.

Tuanze na salamu zetu wenyewe. Mswahili akikutana na mwenzake humwuliza, "Hujambo?" Yaani, huna jambo linalokusumbua? Naye hujibu, "Sijambo." Hata mwenye homa hujibu hivyo kwanza. Lakini waliolelewa katika lugha hii wanajua kwamba salamu haiishii hapo. Baada ya kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba, ndipo linapokuja neno dogo lenye uzito mkubwa, nalo ni "ila". "Hatujambo, ila mtoto hakulala usiku." "Namshukuru Mungu, ila miguu inawaka moto." Wazee wetu hawakuwa waongo kwa kutanguliza "sijambo". Walitanguliza uhai walio nao, kisha wakaitaja shida iliyomo ndani ya uhai huo. Siku hizi tunaona wengi wanabaki na nusu ya kwanza tu. Wanashukuru, halafu wananyamaza, na wengine wanadhani kunyamaza huko ndiko imani.

Askari aliyevunjika mguu

Kanisa lina njia nyingi za kumshukuru Mungu. Iliyo kuu ni Misa, maana hata neno Ekaristi limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Lakini kwa siku za kawaida, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa mtu anayerudi kutoka shambani au sokoni akiwa amechoka, ipo njia moja fupi tunayoipenda kwa sababu imetoka kwa mtu aliyejua kitanda cha mgonjwa kilivyo. Mtu huyo ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 kaskazini ya Hispania, akakua kuwa mtu wa upanga na majivuno. Mwaka 1521, katika kuilinda ngome ya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu mmoja na kumjeruhi wa pili. Alipelekwa nyumbani kwao. Mfupa ulikuwa umeungwa vibaya, ukabidi uvunjwe tena na kuungwa upya, zama ambazo dawa ya usingizi haikuwako. Hata hapo kipande cha mfupa kilijitokeza chini ya goti na kumharibia umbo. Kwa kupenda urembo akataka wakikate kwa msumeno, wakakikata. Alilala kitandani miezi mingi. Aliomba aletewe vitabu vya hadithi za mashujaa, lakini nyumbani vilipatikana vya maisha ya Kristo na ya watakatifu tu. Akavisoma. Basi hapo kitandani alianza kuyaangalia mawazo yake mwenyewe, yapi yanamfurahisha kitambo halafu yanamwacha mkavu, na yapi yanamwacha na amani. Alitambua kwamba Mungu alikuwa naye chumbani mle, katika mambo madogo ya siku.

Mazoea hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Ndani yake imo namna ya kuchunguza dhamiri yenye hatua tano. Hatua ya kwanza, angalieni vizuri, si dhambi. Ni kumshukuru Mungu kwa mema tuliyopokea. Baada ya hapo mtu huomba mwanga wa kujiona alivyo, huipitia siku yake saa kwa saa, huomba msamaha, kisha huazimia kujirekebisha, na kufunga kwa sala ya Baba Yetu. Sisi wengi tulizoea kujichunguza kwa kuanzia makosa, kama mwenye duka anayehesabu madeni kila jioni bila kutazama mali iliyopo kwenye rafu. Inyasi anatutaka tutazame rafu kwanza, halafu daftari la madeni. Vyote viwili, kwa utaratibu huo.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo sisi wa ukurasa wa afya hatuwezi kuliacha. Mwaka 1522, alipokuwa Manresa, Inyasi aliutesa mwili wake. Alifunga kupita kiasi, alisali saa nyingi kwa siku, aliacha nywele na kucha zikue ovyo. Akaugua vibaya, na tumbo lilimsumbua maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1556. Baadaye, alipotunga katiba ya Wajesuiti, aliweka sura nzima juu ya kuutunza mwili. Hivyo msomaji asije akatuambia kwamba kujali chakula, usingizi na dawa ni udhaifu wa imani.

Dakika kumi jioni

Je, familia ya parokiani ifanyeje? Tunapendekeza dakika kumi baada ya chakula cha jioni, kabla ya watoto kusinzia. Redio na televisheni zizimwe. Simu ziwekwe mbali, na za wazazi zikiwemo, maana tunajua nani hasa hutazama simu wakati wa sala. Mtu mmoja afanye ishara ya msalaba, kisha kuwe na kimya kidogo. Halafu kila mmoja ataje jambo moja la siku hiyo ambalo anamshukuru Mungu.

Jambo liwe moja, na liwe la leo. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukimwacha mtu aseme atakavyo, atashukuru kwa uhai, kwa afya na kwa mema yote, amina, na jumla hiyo ataisema kesho na keshokutwa bila kufikiri. Hakuna ubaya, lakini haimfundishi kutazama. Mwulizeni, leo saa ngapi? Wapi? Nani alikuwepo? Ndipo mama atakumbuka kwamba konda alimrudishia chenji aliyoisahau. Baba atakumbuka mvua iliyosubiri mpaka mahindi yakaanuliwa. Mtoto akisema anamshukuru Mungu kwa sababu leo mwalimu wa hesabu hakuja, msimkemee; amesema kweli, nanyi mmepata nafasi ya kumwuliza kuhusu hesabu.

Mungu yupo pamoja nasi kila siku, hilo tunalisadiki. Lakini kusadiki kwamba mtu yumo nyumbani ni tofauti na kumwona na kumsalimu. Wapo watu wanaoishi nyumba moja miaka mingi na hawatazamani usoni. Zoezi hili la jioni ni la kumsalimu Aliyemo.

Baada ya shukrani, ije "ila". Kila mmoja aseme kama kuna kitu siku hiyo kilichomlemea moyoni au mwilini. Hapa ndipo sala na afya vinapokutana. Tumesikia katika nyumba zaidi ya moja kwamba ni wakati huo wa jioni ndipo mume alipojua kwa mara ya kwanza kwamba mkewe amekuwa akisikia kizunguzungu kila asubuhi, au wazazi walipojua kwamba binti yao anatembea kwenda shule kwa njia ya mbali akimkwepa mtu fulani. Mambo hayo hayatoki kwa kuhojiwa. Hutoka mahali ambapo watu wamezoea kusikilizwa. Mkisikia jambo kama hilo la binti, lichukueni kwa uzito usiku huohuo, na kesho yake lifikisheni kwa wanaohusika.

Anayeishi peke yake aweza kuandika katika daftari la mtoto wa shule, mstari mmoja wa shukrani na mstari mmoja wa ila. Asiyejua kuandika ataje kwa sauti. Na mzee anayesinzia katikati ya zoezi aachwe asinzie. Mwili wake nao umesema ukweli.

Wanasayansi wamesema nini

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, msomaji ana haki ya kuuliza kama kushukuru kunasaidia mwili kweli au ni maneno ya kanisani tu.

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi kule Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya majaribio yao matatu. Katika jaribio moja waliwachukua watu wenye magonjwa ya misuli na neva, magonjwa ambayo mengi hayaponi. Baadhi yao waliombwa kuandika kila siku, kwa siku 21, mambo ambayo wanayashukuru. Wengine hawakuombwa hivyo. Walioandika shukrani walisema wanalala saa nyingi zaidi na kuamka wakiwa wamepumzika vizuri zaidi, na waliyatazama maisha yao kwa moyo mwepesi zaidi kuliko wenzao. Ugonjwa wao haukuondoka. Usingizi ndio uliopatikana, na yeyote aliyewahi kumwuguza mtu asiyelala anajua usingizi una thamani gani.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mwingine wa wauguzi wanawake wazee wa Marekani, zaidi ya 49,000, wenye umri wa wastani wa miaka 79. Wale waliokuwa na moyo wa shukrani zaidi walionekana kufariki kwa kiwango cha chini kwa asilimia 9 hivi kuliko waliokuwa na shukrani kidogo, katika miaka michache waliyofuatiliwa. Tunawaomba wasomaji wasikimbilie kutangaza habari hii kwenye jumuiya kana kwamba shukrani inaongeza miaka. Watafiti waliwatazama watu walivyo. Hawakuwapa wengine shukrani na wengine kuwanyima. Yawezekana mwenye afya nzuri ana mengi ya kushukuru, hivyo afya ndiyo iliyotangulia. Watafiti wenyewe walijitahidi kulizingatia hilo katika hesabu zao, lakini jambo la namna hii halimaliziki kwa utafiti mmoja.

Tena watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipokusanya pamoja majaribio mengi ya mazoezi ya shukrani, waliona kwamba faida yake kwa watu wenye sonona na wasiwasi ni ndogo. Ipo, ila ni ndogo, wala haitoshi kuwa matibabu. Sisi tunaona ni vema wakristo wakalijua hilo mapema. Hatumshukuru Mungu ili presha ishuke. Tunamshukuru kwa sababu ametenda mema. Usingizi ukija baada ya hapo, tunampa asante nyingine.

Kwa wapenzi wa rozari tuongeze neno moja. Mwaka 2001 madaktari wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi walipima pumzi na mapigo ya moyo ya watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa kupokezana. Pumzi zao zilishuka hadi kufikia kama 6 kwa dakika, na mwendo huo wa polepole uliusaidia mwili kuratibu presha vizuri zaidi kwa wakati ule. Faida ilitoka katika utaratibu na kupokezana. Rozari inayokimbizwa kama mtu anayewahi basi haitampa mtu pumziko hilo, na kwa maoni yetu haimpendezi sana hata Mama Maria.

Wale wenye ukoma kumi

Sasa tufike kwenye hatari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Tuna wasiwasi kwamba katika parokia zetu kuna wanaoficha maradhi nyuma ya shukrani.

Chukueni presha. Aghalabu haiumi. Mtu aweza kuwa na presha ya juu miaka kadhaa, anaimba kwaya, analima, anamshukuru Mungu kwa afya njema, mpaka siku kiharusi kinapomwangusha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kama wanayo. Kipimo kikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya juu, hata kama mtu hajisikii lolote. Hapo kusema "mimi mzima, namshukuru Mungu" si ushahidi. Ushahidi ni kipimo.

Tena kuna shuhuda. Mgonjwa wa kifua kikuu anapoanza dawa, baada ya wiki chache kikohozi hupungua na uzito hurudi. Anasimama mbele ya watu kushukuru, nasi tunapiga makofi. Yote hayo ni mema. Lakini tiba ya kifua kikuu cha kawaida aghalabu ni miezi 6, na anayeiacha katikati hujirudishia ugonjwa, na vijidudu vyaweza kuwa sugu dhidi ya dawa. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa hizo humwezesha mtu kuishi maisha marefu, kulea watoto wake na kuwaona wajukuu, ila zinatakiwa zimezwe kila siku, maisha yote. Anayeziacha akisema ameponywa, virusi humrudia. Ikiwa mtu yeyote, hata awe mwenye sauti kubwa namna gani katika maombi, atamwambia mgonjwa aziache dawa ili aonyeshe imani, mgonjwa asimsikilize, na ndugu zake wamweleze paroko.

Injili ya Luka, katika sura ya 17, inatupa picha tunayoihitaji. Watu kumi wenye ukoma walimlilia Yesu kwa mbali. Tunaikumbuka sana sehemu ya mwisho, kwamba mmoja tu, naye Msamaria, alirudi kushukuru. Lakini Yesu aliwaambia nini kwanza? Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Walawi, kuhani ndiye aliyekagua ngozi ya mgonjwa, akapima kama baka limeenea au limekauka, na ndiye aliyetoa kauli kwamba mtu huyu ni safi, arudi kwa watu wake. Kwa lugha yetu ya leo, Yesu aliwatuma wakapimwe. Kupona kulipatikana njiani, na shukrani ikafuata. Kwenda kukaguliwa na kurudi kushukuru havikugombana katika habari ile, na hatuoni kwa nini vigombane katika zahanati zetu.

(Na kwa kuwa tumetaja ukoma, ugonjwa huo bado upo, unatibika kabisa, na tangu mwaka 1995 dawa zake hutolewa bure duniani kwa njia ya Shirika la Afya Duniani. Baka la rangi hafifu lisilo na hisia likaonyeshwe mapema.)

Mambo mengine hayawezi kusubiri hata dakika kumi za jioni. Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo. Mama mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni au kuvimba uso na mikono, apelekwe mara moja. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe. Na ukifika kwa mganga, sema kama wazee walivyosema. "Namshukuru Mungu nimefika, ila tangu Jumapili ninapata maumivu hapa." Mganga hawezi kutibu asichoambiwa.

Asiyeweza kushukuru

Yuko pia mwenzetu ambaye neno la shukrani halimtoki. Amezika mtoto. Au mumewe amefukuzwa kazi na wenye nyumba wanagonga mlango. Au hakuna lililotukia, ila kila asubuhi anaamka kama aliyebebeshwa jiwe. Kwake yeye makala yetu yaweza kuwa mzigo juu ya mzigo.

Tunaomba sana, msimwambie mama aliyefiwa kwamba amshukuru Mungu kwa kuwa anao wengine. Mtoto si kikombe, kwamba kimoja kikivunjika kimebaki kingine kabatini. Kitabu cha Zaburi kimejaa vilio na malalamiko, na Kanisa husali Zaburi hizo kila siku bila kuona haya. Yesu mwenyewe pale msalabani alishika maneno ya Zaburi ya 22, ambayo huanza na kilio cha mtu aliyeachwa na kumalizikia katika kumsifu Mungu mbele ya kusanyiko. Kati ya mwanzo na mwisho wa Zaburi ile kuna njia, na hatuna ruhusa ya kumrusha mtu juu yake.

Mtakatifu Josefina Bakhita anatusaidia hapa kuliko wengi. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Darfur, Sudan. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa mwili kwa wembe na vidonda kutiwa chumvi. Hofu ilimfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina la watekaji, nalo lina asili moja na neno letu "bahati". Alifika Italia, akabatizwa mwaka 1890, akawa sista wa Shirika la Wakanosa, na akajulikana katika mji wa Schio kwa uchangamfu na moyo wa shukrani. Alikuwa akibusu kisima cha ubatizo kwa sababu hapo alifanywa mtoto wa Mungu.

Lakini haya yaliyofuata husimuliwa mara chache. Alipokuwa akiugua mwaka 1947, karibu na kufa, katika kuweweseka kwake alirudi utumwani, akamsihi aliyemwuguza amlegezee minyororo kwa sababu ilikuwa mizito. Zaidi ya miaka hamsini ya kumshukuru Mungu haikuufanya mwili wake usahau. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000 pamoja na makovu hayo. Basi ndugu yako akishtuka usiku kwa mambo yaliyompata zamani, usihesabu kwamba shukrani yake ilikuwa ya uongo.

Na yule mwenye jiwe la kila asubuhi? Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, mtu akapoteza hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda, usingizi ukaharibika, akajiona hafai, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kituo cha afya kama vile angepelekwa kwa malaria. Akitamka kwamba anatamani kufa, asiachwe peke yake. Aondolewe karibu na sumu za shambani na vitu vya hatari, na asindikizwe kwa wataalamu siku hiyohiyo. Wakati huo wengine ndio wamshukuru Mungu kwa niaba yake. Ndiyo kazi ya jumuiya.

Asante kwa wenye mikono

Tumeona katika familia nyingi kwamba Mungu anashukuriwa kila usiku na mkwe anayemwogesha bibi kizee hashukuriwi hata mara moja kwa mwaka. Kumwuguza mtu asiyeamka kitandani ni kazi ngumu. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo, alishwe polepole akiwa ameinuliwa asije akapaliwa, anawishwe, abadilishwe shuka. Anayefanya hayo mwezi baada ya mwezi huchoka, hukasirika, hujilaumu kwa kukasirika, na mwishowe huugua yeye.

Ikiwa tunaamini kwamba Mungu yupo nyumbani mwetu, tukubali kwamba mara nyingi anakuja kwa mikono ya huyo. Kwa hiyo jioni, katika zoezi letu, atajwe kwa jina. "Namshukuru Mungu kwa ajili ya dada Fulani, leo amemwogesha bibi." Halafu kesho yake mtu mwingine ashike zamu, ili dada Fulani alale mchana au aende Misa bila haraka. Asante isiyo na zamu humchosha anayepewa. Tangu mwaka 1993 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari, nasi tungefurahi kama parokia zetu siku hiyo zingewakumbuka pia wauguzaji wa nyumbani, hata kwa kuwapa kiti cha mbele na chai.

Kwa nyumba ambazo zoezi la jioni limeshindikana, kwa sababu baba analinda usiku au watoto wako bweni, anzeni na sala ya chakula, ambayo kila familia ya kikristo inayo tayari. Watu wanawe kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka, si wote katika bakuli moja, kisha wakae. Kabla ya kufanya ishara ya msalaba mmoja ataje jambo moja la leo, na kama kuna mwenye ila aiseme. Chakula hakitapoa kwa muda huo.